Wimbo wa redioni, usiku wa Nangwanda

Kilo moja ya korosho ghafi nzuri ina punje 180 hadi 200 hivi. Kila punje imeokotwa chini ya mkorosho, ikanyofolewa kwenye bibo lake, ikaanikwa juani, ikachambuliwa, ikabebwa hadi ghala la chama cha msingi. Novemba 2018 Serikali iliponunua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, baada ya wakulima kugomea bei za minada, kiingilio cha Sh10,000 kwenye tamasha lolote kilikuwa sawa na kilo tatu na kidogo. Kilo tatu ni punje 540 kwa uchache. Aliyeziokota ameinama mara 540.

Matamasha makubwa hutufuata sisi wa Kusini msimu huo wa korosho. Minada huanza Oktoba, fedha huingia kwenye akaunti za wakulima, na mabango yenye sura za wasanii hubandikwa kuanzia stendi ya Mtwara hadi Masasi, Newala, Nachingwea na Ruangwa. Wasafi Festival ya mwaka 2018 ilizinduliwa hapahapa Mtwara, Novemba hiyohiyo. Mfanyabiashara kufuata hela ilipo si kosa. Ninachouliza ni hiki: aliyeinama mara 540 anapewa nini uwanjani ambacho redio yake haikumpa bure?

Mara nyingi hapewi kitu kipya. Anapewa redio ileile, imekuzwa sauti tu.

Niseme mapema kwamba wimbo wa redioni si kitu duni. Kuutengeneza kunataka ufundi, na prodyuza anayeijua kazi yake anastahili heshima zote. Wimbo huo umekusudiwa sikio lililo mahali fulani: ndani ya bajaji inayotoka Shangani kwenda sokoni, kwenye redio ndogo ya dukani, kwenye simu iliyotumbukizwa ndani ya glasi ili isikike chumba kizima. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya hezi 300 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde; zikiwa chache, sauti ni nzito). Besi yenyewe ya wimbo, ile ya hezi 40 hadi 80, humo haisikiki kabisa. Kwa hiyo prodyuza anaichafua besi kidogo kwa makusudi, anaizalishia sauti za juu yake, na sikio la msikilizaji linaijaza lenyewe sehemu iliyokosekana. Unasikia besi ambayo spika haijaitoa.

Halafu kuna muda. Wimbo ni dakika mbili na nusu, ukizidi sana tatu na robo. Kiitikio kinaingia kabla ya sekunde ya 45, kwa sababu mtangazaji ataongea juu ya mwanzo wa wimbo na msikilizaji kidole chake kiko karibu na kitufe. Sauti nayo imebanwa, mnong'ono na ukelele vikakaribia kulingana, maana injini ya bajaji ingemeza chochote kilicho chini. Kituo cha redio kinabana tena kabla ya kurusha, na masafa ya FM yanakata kila kilicho juu ya hezi 15,000. Wimbo unamfikia msikilizaji umebanwa mara mbili na bado unapendeza, kwa kuwa ulitengenezwa ukijua unakokwenda.

Kiitikio chenyewe kina sauti ya mtu mmoja iliyorekodiwa mara nane au kumi, zikapangwa kushoto, kulia na katikati. Mstari mrefu umeimbwa vipande vitatu na pumzi zikafutwa. Nota ya juu kabisa imepatikana baada ya majaribio ishirini, Auto-Tune ikanyoosha palipobaki.

Sasa uchukue wimbo huo uupeleke uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara, au wa Ilulu kule Lindi, uupitishe kwenye marundo mawili ya spika yenye besi za inchi 18. Kila kilichoubeba kwenye bajaji kinaugeuka. Ile besi ya hezi 50, ambayo prodyuza hakuwahi kuisikia sawasawa kwenye spika zake za inchi tano, inafumuka na kufunika maneno. Ule ubanaji uliosaidia barabarani sasa unachosha, kwa kuwa wimbo haupandi wala haushuki. Nyimbo nne tu na sikio limekwisha. Mwimbaji naye yuko na mdomo mmoja penye midomo kumi, na mstari ulioimbwa vipande vitatu anatakiwa auimbe mfululizo huku anaruka.

Hapo ndipo CD inapomwokoa. Tunasema bado "anaimba juu ya CD" ingawa siku hizi ni flashi au laptop ya DJ. CD hizo hazifanani, na shabiki anayelipa anapaswa kuzitofautisha. Ya kwanza, na mbaya kuliko zote, ni wimbo mzima pamoja na sauti ya mwimbaji, kama ulivyo redioni. Msanii anakimbia jukwaani, anadakia neno la mwisho la kila mstari, anauliza "Mtwara mpoo?" na kuelekeza maiki kwa watu. Ya pili ina biti na waitikiaji, lakini beti zimeondolewa sauti, anaziimba mwenyewe. Hii sina tatizo nayo hata kidogo, maana hata wasanii wakubwa wa dunia hutembea na waitikiaji waliorekodiwa. Ya tatu ni biti tupu. Baada ya hapo ni bendi.

Kutambua si kazi ngumu. Angalia maiki inapoondoka mdomoni: sauti isipopungua hata chembe, haikuwa inatoka pale. Sikiliza miisho ya mistari, kwa kuwa anayeimba kweli huishiwa pumzi na silabi ya mwisho hupungua, hasa baada ya kucheza. Kisha linganisha sauti ya salamu na sauti ya wimbo. Ikiwa "asanteni sana watu wa Kusini" imetoka kavu na nzito, na ubeti uliofuata umetoka laini wenye mwangwi mtamu, hizo ni sauti mbili kutoka mahali pawili.

Waandaaji hujitetea kwamba shabiki mwenyewe anataka wimbo kama alivyouzoea redioni. Kuna ukweli ndani yake. Msanii akibadilisha kiitikio ambacho uwanja mzima unakijua, watu wananuna, na wana haki. Lakini utetezi huo unasahau kwamba zamani redio na jukwaa havikuwa na ugomvi huu, na sababu yake inaeleweka.

Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam wimbo haukuanzia redioni, ulianzia ukumbini. Bendi ilitunga, ikaupiga wiki kadhaa mbele ya watu wanaocheza, ikapunguza pale walipokaa, ikarefusha pale walipoinuka, ndipo ikaingia studio ya RTD na kupiga wote kwa pamoja: waimbaji, magita, tumba, tarumbeta na saksafoni, kana kwamba wako ukumbini. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, iliyobeba jina la mji wa Kusini ingawa maskani yake yalikuwa Dar es Salaam, ilisikika nchini kwa njia hiyo. NUTA Jazz ya mwaka 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma, vilevile. Mlimani Park, yaani Sikinde, ya mwaka 1978, vilevile. Wimbo ulikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza wa taratibu wenye beti na ujumbe, kisha chemko: mwendo unapanda, gita la solo linashika usukani, tarumbeta zinajibizana, mwimbaji anabaki na maneno machache ya kurusharusha. Redioni chemko lilikatwa likingali bichi. Ukumbini liliendelea mpaka jasho lilipowaishia watu. Kwa hiyo aliyelipa mlangoni alikuwa na kitu cha kununua ambacho redio ilimwonjesha tu.

Redio binafsi zilipokuja miaka ya 1990 na kompyuta zikaingia studio, mwendo uligeuka. Wimbo unazaliwa kwenye kompyuta, unakwenda redioni, na jukwaa linaambulia mwisho. Tulipata faida kubwa. Kijana wa Tandahimba hakuhitaji tena kusubiri nafasi kwenye bendi ya shirika la umma yenye vyombo vyake. Harmonize, mtoto wa Mtwara aliyejiita Konde Boy na kulifikisha jina hilo kwenye majukwaa ya nje, ni mtoto wa mfumo huu mpya. Sitamani kurudi nyuma. Ninachotaka kirudi ni chemko.

Na chemko halihitaji bendi ya watu kumi na wanane. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni hii: msanii amwombe prodyuza wake amtolee wimbo kwa vipande vinne vinavyolingana urefu, ngoma peke yake, besi peke yake, vinanda na magita, na waitikiaji. Viwe faili za WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 za kidijitali, si MP3 iliyopokelewa kwa WhatsApp. Vipande hivyo vikiingia kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, kwa njia nne tofauti, fundi mitambo anaweza kushusha besi peke yake uwanja unapovuma bila kumgusa mwimbaji. Anaweza kuondoa vinanda, zikabaki ngoma na besi kwa dakika mbili huku watu elfu tatu wakiimba kiitikio, kisha akarudisha kila kitu kwa mpigo. Hilo ni chemko, na limegharimu nusu saa ya prodyuza. Msanii aongeze waitikiaji wawili wa kweli, ashushe ufunguo wa wimbo nusu toni au toni nzima ili nota ya juu isimnyonge usiku wa tatu wa ziara, na akae chini aandike mahali pa kuvuta pumzi kila mstari. Mwenye wimbo wa kasi asicheze kwenye ubeti; acheze kwenye kiitikio, ambako waitikiaji wanambeba. Haya ni mambo ya mazoezi ya siku tatu.

Maiki nayo. Wengi wanaochana mistari hushika maiki kwa kukumbatia kile kichwa cha waya. Maiki za jukwaani zimetengenezwa zisikilize mbele na kuziba nyuma, na matundu yanayofanya kazi hiyo yako palepale chini ya kichwa. Ukiyaziba kwa kiganja, maiki inaanza kusikiliza pande zote, inaisikia spika iliyo miguuni kwako, na mluzi unapasua masikio ya uwanja. Fundi atalaumiwa. Shika mpini, basi.

Lakini hata msanii aliyejiandaa vizuri anaweza kuuawa na uwanja, na hapa lawama ni ya mwandaaji. Mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli sita (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapojirudufu. Ikiwa mita 10 kutoka kwenye spika ni desibeli 100, mita 20 ni 94, mita 40 ni 88, mita 80 ni 82. Umati unaoshangilia wenyewe hufika 90 bila shida. Kwa hiyo mtu aliyesimama mita 80 anasikia besi na kelele za jirani yake, maneno hayapati. Dawa anayoikimbilia fundi asiyejua ni kuongeza sauti, matokeo yake watoto walio mbele wanaumia masikio (desibeli 100 kwa zaidi ya robo saa tayari ni hatari) na wa nyuma bado hawaelewi kitu. Dawa ya kweli ni spika mbili za ziada zinazosimamishwa mita 40 mbele ya jukwaa. Hizo lazima zicheleweshwe. Kwenye joto la usiku wa pwani sauti hukimbia karibu mita 349 kwa sekunde, maana yake mita 40 ni kama milisekunde 115. Fundi akiweka 125 au 130, sikio litaamini sauti inatoka jukwaani ingawa inasaidiwa na spika iliyo karibu. Akisahau kuchelewesha, kila neno litasikika mara mbili.

Kuna ukuta pia. Jukwaa likitazama ukuta ulio mita 90, sauti inakwenda na kurudi kwa muda wa nusu sekunde. Wimbo wa midundo 104 kwa dakika una mdundo mmoja kila sekunde 0.58, hivyo mwangwi unafika kabla kidogo ya mdundo unaofuata na kuukwaza, kama mtu anayepiga makofi nje ya wimbo. Singeli ya midundo 200 na zaidi ndiyo inaharibika kabisa, maana midundo iko karibu sana na mwangwi unaipakaa yote. Geuza jukwaa kidogo pembeni, au inamisha spika zitazame vichwa vya watu, si ukuta. Umati ni godoro zuri. Ukuta unarudisha kila ulichoutupia.

Na upepo. Jukwaa liupe upepo mgongo, ili upepo utoke jukwaani kwenda kwa watu, kwa sababu sauti inayokwenda na upepo hupinda kuelekea chini kwenye masikio, na inayopingana nao hupinda juu na kupotea. Novemba kusi limeshalegea na kaskazi ndiyo inaanza kuingia, hivyo aliyepanga jukwaa kwa kukumbuka tamasha la Julai anaweza kukuta upepo umegeuka. Fundi asimame katikati ya uwanja saa kumi jioni na kitambaa mkononi, na arudi tena saa mbili usiku. Ardhi ikishapoa usiku, hewa ya juu inabaki na joto zaidi kuliko ya chini, na sauti inasafiri mbali mno. Ndiyo maana mgonjwa aliyelala mbali na uwanja anasikia "du, du, du" zaidi saa saba usiku kuliko alivyosikia jioni. Besi ndiyo inayosafiri, sauti nyembamba zinamezwa na hewa njiani. Kupunguza besi baada ya saa nne usiku ni uungwana kwa majirani, na kwa walio uwanjani maneno yanasikika vizuri zaidi.

Umeme ndio unaoharibu kimyakimya. Mtwara na Lindi tuliishi miaka mingi kwa mitambo ya gesi ya hapa Mtwara, nje ya gridi ya Taifa, na kila mwandaaji anajua kukodi jenereta. Asichokijua ni waya. Jenereta huwekwa mbali ili isiungurume, tuseme mita 50, kisha waya unaovutwa ni ule wa milimita za mraba 2.5 uliobaki kwenye ujenzi wa nyumba. Kwa shaba ya unene huo, mita 50 kwenda na 50 kurudi ni omu 0.7. Ampea 20 zikipita, volti 14 zinapotelea njiani, na kila besi inapopiga umeme unazama zaidi. Ampu, yaani vikuza sauti, zinaanza kupasua sauti, taa zinapepesa pamoja na mdundo, na watu wanadhani spika zimekufa. Waya wa milimita 10 ungepoteza volti tatu na nusu tu. Taa nazo zipewe jenereta yake au walau njia yake, la sivyo utasikia mvumo wa hezi 50 kwenye kila spika jukwaa likinyamaza. Na kwa kuwa tuko pwani, ncha za nyaya za sauti hushika chumvi. Kitambaa na dawa ya kusafishia ncha, dakika ishirini kabla ya majaribio, huondoa ile mikwaruzo ambayo fundi huitafuta usiku kucha kwenye mikisa.

Vyombo vingi vikubwa bado vinakodiwa Dar es Salaam na kusafirishwa zaidi ya kilomita 550. Mei 2024 mafuriko na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Lindi pale Somanga, tuliona Kusini inavyoweza kufungiwa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, yaani hela ya korosho na mvua vinakaribiana sana. Tamasha la nje lenye akili lifanyike kati ya katikati ya Oktoba na wiki ya tatu ya Novemba. Baada ya hapo turubai juu ya mikisa ni lazima, na nyaya zisilazwe chini.

Nirudi kwenye muda, kwa sababu hapo ndipo mashabiki tunapunjwa waziwazi na bado tunashangilia. Bango lina wasanii 14. Onyesho ni saa mbili usiku hadi saa sita, dakika 240. Gawa: kila mmoja dakika 17. Ondoa dakika tano za kubadilishana jukwaa, zimebaki 12, nyimbo tatu zilizokatwa katikati. Kwa muda huo hakuna anayeweza kuleta bendi, wala waitikiaji, wala chemko. CD inakuwa njia pekee, hata kwa aliyetaka kuimba. Wasanii watano wenye dakika 40 kila mmoja ni dakika 200, na mapengo manne ya dakika kumi yanakamilisha 240 zilezile. Bango lenye majina matano litauza? Litauza, iwapo wanne kati ya hao wanajulikana na mmoja anatoka hapahapa. Majina 14 yanapendeza ukutani, lakini ndiyo yanayoua usiku wenyewe.

Majaribio ya sauti yaanze saa nane mchana, na yaende kinyumenyume: atakayepanda wa mwisho ajaribu wa kwanza, atakayefungua ajaribu wa mwisho, ili vyombo vyake vibaki vimepangwa pale pale. Mikisa za kidijitali huhifadhi mpangilio wa kila msanii. Fundi auhifadhi, aupe jina. Kwenye kila maiki ya kuimbia akate kilicho chini ya hezi 100, apunguze kidogo kati ya 250 na 400 ambako sauti inakuwa na tope, na aache wazi kati ya 2,000 na 4,000 ambako ndiko konsonanti ziliko. Asisahau kwamba uwanja mtupu wa mchana si uwanja wa usiku. Miili ya watu inakunywa sauti za juu, kwa hiyo wimbo wa kwanza wa usiku ni jaribio la pili, na fundi anapaswa kuwa katikati ya watu wakati huo, si nyuma ya jukwaa akila chipsi.

Nimeacha mwisho jambo linaloniuma kuliko yote. Kusini hii ndiyo nyumbani kwa sindimba, ngoma iliyobebwa na kikundi cha Taifa baada ya uhuru ikajulikana nchi nzima. Hapa kuna wapiga ngoma wanaoweza kuushika mkesha mzima wa jando au unyago bila umeme hata volti moja. Kwenye tamasha wanaitwa saa kumi na moja jioni, uwanja ukiwa mtupu, "kuburudisha" wageni wa meza kuu. Kisha wanashushwa, na usiku DJ anapiga biti iliyotengenezwa kwa sauti za ngoma za kompyuta.

Waangalie wanavyojiandaa. Moto mdogo wa nyasi kavu unawashwa. Ngoma zinalazwa ubavu, ngozi ikitazama moto kwa umbali wa hatua moja, na mpigaji anagonga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anasogeza, anagonga tena. Ngozi ikikauka inajikaza, sauti inapanda. Ile ngoma ndogo yenye mguu mmoja unaochomekwa ardhini ndiyo inapanda juu kuliko zote, na ndiyo inayoongoza. Wachezaji wanaitazama na yenyewe inawatazama. Kubwa hupakwa nta katikati ya ngozi ili ishuke na kuwa nzito. Unyevu wa usiku wa Mtwara ukiingia, ngozi zinalegea baada ya nyimbo chache, na lazima zirudi motoni. Hayo ni majaribio ya sauti yaliyokuwepo kabla ya mikisa.

Kuwapandisha usiku pamoja na msanii wa Bongo Fleva kunawezekana na si ghali, ila kuna makosa yanayojirudia. Kosa la kwanza ni kuwaweka nyuma kabisa, mita 15 kutoka kwenye spika ya kusikilizia. Biti inawafikia milisekunde 43 baadaye, na wao wanapiga kwa walichosikia, hivyo ngoma zinaonekana kuburuta. Si wao wanaoburuta. Wawekewe monita yao hatua mbili mbele yao, yenye ngoma za CD tu, bila sauti ya mwimbaji. Kosa la pili ni kuipa kila ngoma maiki. Ile ndogo haihitaji kabisa, inajitosheleza. Maiki mbili kwa ngoma kubwa, kiganja kimoja kutoka kwenye ngozi, na moja kwa kundi zima zinatosha. Kosa la tatu, kiongozi anageuzwa aitazame hadhira kwa ajili ya kamera, wakati kazi yake ni kuwatazama wachezaji. Wachezaji wakikosa ishara yake, mchezo unavunjika. Na jukwaa la mbao halina udongo wa kuchomeka ule mguu. Ndoo iliyojazwa mchanga mkavu hadi mdomoni inamaliza tatizo. Chemko la wimbo wa redioni likikabidhiwa watu hawa kwa dakika tatu, Mtwara itapata kitu ambacho hakipo kwenye simu ya mtu yeyote.

Redio zetu za hapa zina nafasi kubwa kuliko zinavyodhani. Kuna Jamii FM Naliendele, kuna Mashujaa FM Lindi, kuna Radio Fadhila Masasi. Redio inayorusha wimbo uleule wa Dar es Salaam mara sita kwa siku haina cha kumshinda mshindani wake. Lakini kinasa sauti cha kidijitali chenye njia nne, maiki mbili za kunasa uwanja, na nyaya mbili zinazotoka kwenye mikisa ya tamasha, mmoja wa maiki ya mwimbaji peke yake, vinatosha kurekodi usiku mzima. Saa moja ya rekodi hiyo ikirushwa Jumapili jioni, baada ya kibali cha wasanii na mirabaha yao, inafanya kile RTD ilichofanya: redio inasikika kama jukwaa, na msanii anayeimba juu ya wimbo mzima hawezi kujificha tena, kwa sababu kwenye rekodi ya mikisa njia yake ya maiki itasikika tupu.

Kwa anayefikiria kununua tiketi msimu huu, maswali ya kumuuliza mwandaaji kabla ya kutoa hela ni machache. Wasanii wangapi kwa saa ngapi. Majaribio ya sauti ni saa ngapi, na nani anayasimamia. Kuna spika za katikati ya uwanja au hakuna. Nani anapanda na waitikiaji, nani na bendi. Wapiga ngoma wa hapa wanapanda saa ngapi, na moto wa kukanzia ngoma zao utawashwa wapi. Mahali pake ni pembeni ya jukwaa, upande ambao upepo haupeleki cheche jukwaani wala kwenye mafuta, hatua ishirini kutoka kwenye jenereta na madumu ya dizeli, na ndoo ya mchanga ikae karibu.